Nilivyomfundisha Mchina Kushika Fimbo

Jumamosi, 8 Novemba. Akalla, Stockholm.

Leo nimeokoa heshima ya ukoo. Wakwe watarajiwa wamekuja kunywa chai kwa dada yangu Dafrosa. Mzee Bethuel, Mkenya wa Hässelby, ndiye baba yake Kiptoo anayemposa mpwa wangu Vumilia. Mtu mgumu, haongei. Binamu Japhet, anayejiita msomi, alikuwa anaeleza habari za mabomba ya maji mpaka watu wanapiga miayo. Nikaona kwenye simu ya Bethuel Mchina ameinamia meza ya kijani. Nikasema huyo namjua.

Bethuel akauliza, Shen Baolin? Nikasema Shen huyo huyo. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika fimbo, Bukoba, kwenye kambi ya Wachina wa barabara.

Bethuel akaweka kikombe chini. Akasema huyo kijana ana breki ya mia moja arobaini na saba. Nikamwambia hiyo breki ni kazi yangu. Utotoni alikuwa anakimbia ovyo kuzunguka meza, nikamfundisha kupunguza mwendo. Bethuel akanitazama muda mrefu. Heshima hiyo.

Nimeteuliwa msemaji wa familia siku ya posa, Jumapili tarehe 16. Japhet kanuna mpaka masikio.

Jumatatu, 10 Novemba.

Vumilia kaja na kompyuta. Nimepata mishtuko mitatu kabla ya chai.

Kwanza, mchezo huo si puli ya baa. Unaitwa snuka na meza yake ni kubwa kama chumba changu. Pili, breki si breki. Ni pointi unazokusanya kwa mkupuo mmoja bila kukosa, na mia moja arobaini na saba ndiyo kilele. Tatu, na hapa nilikaa chini, Shen kazaliwa 1998. Mimi niko Sweden tangu 1995.

Nikasema 1998 nilikwenda nyumbani likizo. Vumilia akauliza, Mjomba, ulimfundisha akiwa na miezi mingapi?

Kasema Mzee Bethuel anaujua mchezo huu kuliko anavyowajua watoto wake. Nimwambie ukweli kabla ya Jumapili, la sivyo Japhet ndiye atakayesema. Kasema hataki kuingia kwenye ndoa akichekwa. Alikuwa karibu kulia. Nimeahidi. Ila sikutaja siku.

Jumatano, 12 Novemba.

Bethuel kapiga simu. Shen anakuja Stockholm! Ijumaa alasiri, klabu moja ya Spånga, atacheza na watu wa kawaida. Bethuel kaniandikisha. Kasema hawezi kukosa kuona mwalimu na mwanafunzi wakikumbatiana. Nimekaa kwenye ngazi za jengo robo saa. Jirani kaniuliza kama aite ambulensi.

Baadaye Bethuel kaniletea tangazo kwenye simu. Chini limeandikwa: Ta med egen kö. Hapo roho ikatulia. Miaka thelathini nasimama kwenye kö za benki na duka la dawa, nani atanifundisha neno hilo? Njoo na foleni yako mwenyewe. Nimeona mantiki yake. Mtu mkubwa hapokewi na watu wawili. Na katikati ya umati Bethuel hatasikia Shen anasema nini.

Nimekusanya watu tisa wa kwaya yetu. Léontine, Mkongo wa sauti ya pili, kauliza foleni ya nini. Nikasema ya heshima.

Ijumaa, 14 Novemba.

Naandika nikiwa nimejifungia chumbani.

Tumefika Spånga, watu kumi kwa mstari, mimi mbele, makoti ya kwaya. Binti wa mlangoni kaniuliza kö yangu iko wapi. Nikamwonyesha nyuma. Kaangalia watu tisa. Akainua fimbo ya kuchezea. Hiyo ndiyo kö. Neno ni lile lile, foleni na fimbo! Wasweden hawa. Bethuel alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake ndani ya mfuko wa ngozi. Léontine kasema, tonton, yaani mjomba, basi sisi ni fimbo zako?

Bethuel kanishika mkono mpaka kwa Shen, kamwambia huyu ndiye mwalimu wako wa Afrika. Kijana mpole. Kasema Afrika hajawahi kufika. Aliyemfundisha ni baba yake, aliyekuwa na meza mbili nyuma ya duka la tambi. Akiwa na miaka kumi na tatu alipelekwa Uingereza peke yake. Alishindwa miaka minne, akatolewa kwenye orodha ya wachezaji wa kulipwa, akarudi kwa baba yake kupiga pasi vitambaa vya meza. Vitambaa vya meza vinapigwa pasi, sikujua. Kisha akaanza upya mpaka akachukua kombe.

Watu wote wakanigeukia. Nikasema kiyoyozi kinaniumiza shingo, nikatoka.

Jumamosi, 15 Novemba.

Vumilia kanipeleka Hässelby mwenyewe, kama mtu anayepelekwa polisi. Bethuel katukaribisha. Nikavua kofia. Nikasema Mzee mwenzangu, nimekuja kusema ukweli. Shen sikumfundisha mimi.

Bethuel akaitikia kwa kichwa. Vumilia akashusha pumzi. Palikuwa na amani sana mle ndani. Ukweli ulionekana mfupi mno.

Nikaongeza kwamba niliyemfundisha ni baba yake Shen.

Bethuel akasema bahati iliyoje, baba mtu kasafiri naye, wapo mpaka Jumanne. Atamwalika kesho kwenye posa akae karibu yangu. Nimeduwaa, lakini sikuonyesha. Nimemtahadharisha tu kwamba mzee yule, tangu siku nilipomtoa mdomoni mwa mamba kule ziwani, sura za watu hazikumbuki.

Ndani ya treni Vumilia katazama dirishani mpaka tumebadilisha treni kwenda njia ya buluu ya kurudi Akalla. Kisha kasema kesho Japhet ndiye msemaji. Sikubishana. Nina kazi nzito zaidi. Lazima awepo mtu wa kumtafsiria mzee Kichina, na mtu huyo ni mimi.