X Nyekundu kwenye Mkuyu wa Rhonda

Jumatatu, 3 Machi
Wanasema niliacha shule mapema. Uongo! Shule ndiyo iliniacha, ilishindwa na kasi yangu. Nyanya amerudi Webuye kulima, mimi nimebaki na chumba na redio inayokoroma. Pale mkuyuni watu hawakosi: Mama Namalwa na mandazi, Bravin na wenzake wa boda, kwaya ikifanya mazoezi. Makanisa matatu ya mtaa wetu wa Rhonda yalianzia chini ya huo mti, kabla ya kupata mabati. Nikifika mimi, stori zinakatika. Labda bado wanakumbuka ile dawa ya mbu niliyowauzia. Ilikuwa chai ya rangi.
Mpango: mti uingie hatarini, mimi Jerry niuokoe. Nani atamnyima shujaa kiti?

Jumanne, 4 Machi
Alfajiri nimechora X nyekundu kwenye shina. Kubwa! Kila mtu anajua X nyekundu: tingatinga liko njiani. Rangi ilibaki kwenye kibarua cha geti kule Milimani. Walinifukuza kwa kupaka hadi mbwa wao.
Kufika saa mbili, watu wamejaa. Mama Namalwa analia: ati marehemu mzee wake alimposa hapo, akiwa na ovaroli ya reli. Machozi hayakuwa kwenye mpango. Nikapanda jiwe, nikatangaza nitawaongoza. Bravin akauliza kama nitaongoza na dawa ya mbu. Kicheko! Wamemchagua yeye mwenyekiti. Sababu? Ana filimbi.

Alhamisi, 6 Machi
Wanalinda mti kwa zamu. Uji, chapati, nyimbo. Watu walionuniana tangu uchaguzi wanakunywa kikombe kimoja. Kazi ya mikono yangu! Nimeomba zamu. Bravin akasema zimejaa, boss, lakini maji yanahitajika. Nimechota. Nimemwaga kwenye sufuria. Nimesimama kidogo. Hakuna aliyesema keti.
Kutoka dirishani kwangu vicheko vinasikika vizuri sana.

Jumamosi, 8 Machi
Viatu vimenisaliti! Mama Namalwa ameona matone mekundu. Hakupiga kelele, ameuliza tu kwa nini, mwanangu. Akasema si ningekuja tu nikae. Nikae! Kama ni rahisi hivyo.
Nimesugua X na brashi ya waya mbele ya wote, Bravin akipuliza filimbi kwa kila msuguo. Mti ulipokuwa salama, kila mtu akabeba stuli yake akaenda kwake. Nimebaki na mkuyu. Hauna stori.

Jumapili, 9 Machi
Nimegundua kosa! X ilikuwa sawa, mahali ndipo palikuwa pabaya. Leo, majirani wakiwa kanisani, nimeipaka kwenye mlango wangu. Waje wanilinde mimi! Nimechemsha chai sufuria nzima. Nimeazima vikombe kwa Mama Namalwa, nikamwambia nina wageni. Alifurahi mpaka nikaona aibu.
Wamekuja, mbio! Ploti yote ya wapangaji imejaa kelele. Kumbe mti ukipigwa X watu wanaukumbatia. Nyumba ikipigwa X wanatoa magodoro. Micah wa mlango wa pili amepita na jiko kichwani. Nimemwambia karibu chai. Akasema hama, kijana, wanabomoa!
Sasa kumenyamaza. Ploti nzima ni yangu. Vikombe viko safi. Chai imebaki, na rangi pia imebaki.
Pikipiki ya Bravin huwa inalala hapo nje tu, na bado haina X.