Kibao cha Baa ya Kilele King'olewe

Simeon Mwaniki,
Majengo, Nyeri.
3 Machi 2025

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Vivutio vya Mtaa wa Burudani.

Bi. Mwenyekiti,

MINT: KIBAO CHA BAA YA KILELE

Nakuandikia nikiwa na afya njema na hasira ya kadiri. Tangu kamati yako iutangaze mtaa wetu kuwa mtaa wa burudani wa kihistoria, mmetundika vibao kwenye kila ukuta uliosimama wima. Nimevumilia. Nimevumilia kibao cha jiwe ambalo mpiga gita fulani aliketia akingoja pancha izibwe. Nimevumilia kile cha bucha ambayo historia yake yote ni kwamba haijawahi kufungwa. Lakini cha Kilele kinasema: "Hapa Kihara aliongoza mugithi ya kwanza ya mtaa huu, 1998." Malalamiko yangu ni haya:

1. Kihara hakuongoza. Mugithi, kama hata wanakamati wanavyojua, huchezwa kwa kushikana viuno mstarini mfano wa gari moshi, na gari moshi lina kichwa kimoja. Kichwa nilikuwa mimi. Tarehe ninayo kwenye shajara, 14 Novemba. Kihara alikuwa behewa, tena la kukanyaga watu visigino.

2. Kihara ndiye mwenye baa, na ndiye aliyewapa historia hiyo pamoja na mbuzi wa kuchoma. Sisemi mbuzi ndiye aliyeandika kibao. Nasema tu kwamba maneno yale ni ya mtu aliyeshiba.

3. Bi. Lavender, anayewatembeza wageni wenu, huwaambia kuwa hapa ni kama Nairobi, ila sisi tuna baridi. Kisha huwapanga nje ya dirisha langu: "Haya wageni, shikeni viuno, tufanye kama Kihara." Jumamosi walinikuta nimeshika jembe. Mmoja akauliza kama nami ni kivutio.

4. Hili ndilo kubwa. Siku ile ya mugithi ndipo nilipokutana na mke wangu, Warigia, aliyekuwa mhudumu hapo Kilele. Alinipenda kwa sababu niliongoza. Ndivyo nilivyomweleza baba yake tulipopeleka mahari, na ndivyo binti yetu Lynn alivyokua akijua. Sasa Lynn amesoma kibao, akauliza tukila, "Baba, kwani Mama alikuwa aolewe na Kihara?" Warigia akacheka. Mpaka leo anacheka akiosha vyombo, nami nalala nikitazama ukuta.

5. Kwa hiyo kibao king'olewe. Ukuta nao ubomolewe, maana umeshazoea uongo. Baa ifungwe, kwa kuwa hata supu yake siku ile ilifika imepoa. Na burudani yote ya mtaa ihamishiwe Kiganjo, karibu na chuo cha polisi, ambako mtu akidai ameongoza kitu ataulizwa mashahidi.

Wasalimie wanakamati wote, wapiga gita, na mwenye bucha, ambaye sina ugomvi naye. Kihara usimsalimie, tutaonana kanisani.

Ni mimi niliyekuwa mbele,
Simeon Mwaniki

Tanbihi: Nimempa Warigia barua hii aisome kabla sijaifunga. Anasema hakukuwa na mtu aliyeongoza chochote. Yeye alikuwa anapita na trei ya supu, mimi nikamshika kiuno, Kihara akanishika mimi, na baa nzima ikafuata. "Baba Lynn, mimi nilikuwa natafuta meza ya supu tu," amesema. Nikamuuliza, na alipoitua ile trei, mbona hakunitoa mkono? Amerudi kwenye vyombo vyake, akicheka. Kwa hiyo, Bi. Mwenyekiti, kibao msiking'oe. Futeni tu jina la Kihara, mwandike: "Hapa supu ilichelewa, 1998."