Chujio Bora Kuliko la Shemeji Wilfrido

Jumatatu, 5 Februari

Bwawa limegeuka uji. Si kosa langu. Joto la mji wetu wa Luque mwezi huu linaweza kukaanga yai juu ya boneti la gari, sembuse maji. Na iandikwe hapa, kwa faida ya vizazi: bwawa langu ndilo la kwanza kuchimbwa katika mtaa huu. La shemeji Wilfrido lilifuata. Mwigaji hana lake.

Jumapili ya tarehe kumi na nane binti yangu Araceli anatimiza miaka kumi na mitano, umri ambao kwetu msichana hufanyiwa sherehe kubwa. Misa kwanza, kisha karamu nyumbani, kisha dansi ya baba na binti, pembeni ya maji. Dansi hiyo nimeisubiri tangu anatambaa.

Mchana akaja Wilfrido, kaka wa mke wangu Ninfa. Akasimama ukingoni na pembe yake ya terere, ile chai yetu baridi ya majani, mkononi, akafyonza mrija taratibu, akaniuliza siku hizi nafuga vyura wa aina gani. Kisha akasema karamu ihamie kwake. Kwake, eti, maji yako wazi kiasi cha kusoma gazeti lililo chini. Nilitegemea mke wangu anitetee. Ninfa akasema atatoa muda hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Maji yakiwa bado uji, tunahamia kwa kaka yake.

Araceli aliyatazama maji, akanitazama mimi. Imeniuma.

Nimechunguza. Mchanga ulio ndani ya tangi la chujio umechoka, hauzuii tena uchafu. Lazima ubadilishwe. Swali ni moja tu: tuweke nini?

Jumanne, 6 Februari

Nimekwenda duka la vifaa vya mabwawa. Mama muuzaji akasema mchanga. Mchanga safi wa chujio, uliochekechwa, unadumu miaka. Nikauliza nani mwingine anautumia. Akasema wengi, hata Don Wilfrido.

Nife kwanza!

Akaona uso wangu, akanitajia vitu vingine. Kuna jiwe la kijani la volkano. Na kuna vioo vilivyosagwa, vinavyonasa hata vumbi ambalo mchanga hulipitisha. Vioo! Nikamuuliza vioo hivyo hutoka wapi. Akasema ni chupa kuukuu tu, ila zimesagwa kwa mashine maalumu na kulainishwa kingo. Sikusikiliza zaidi. Chupa kuukuu ninazo, banda zima, matunda ya Jumapili nyingi za nyama choma na bia. Nikamshukuru nikaondoka bila kununua kitu. Mama mzuri, ila hana ubunifu.

Alasiri nimesaga chupa kwa nyundo ndani ya gunia la muhogo, nimevaa miwani ya kuogelea ya Araceli. Nikapanda ngazi, nikamimina gunia zima ndani ya tangi kwa mkupuo, kama mtu anayemimina mahindi kinuni. Kitu fulani kikalia krak huko chini. Sauti ya maendeleo.

Ijumaa, 9 Februari

Bwawa linanuka baa. Juu povu. Juu ya povu, nembo za chupa zinaelea. Chini kabisa kuna vitu vya kahawia vinavyometameta vizuri sana. Ninfa ameviangalia mara moja tu, akafunga geti la bwawa kwa mnyororo na kuapa kwamba hakuna unyayo wa kiumbe utakaoingia humo, hata wa kuku.

Wilfrido amekuja na bilauri, akaomba amiminiwe moja baridi.

Nimeyatoa maji yote. Nimefagia chini kwa mikono yangu, nikiimba, ili majirani wajue kuwa nilipanga hivyo.

Jumapili, 11 Februari

Nimelimwaga tangi. Nimepata jibu la ile krak. Chini ya tangi kuna vidole vya plastiki vyenye nyufa nyembamba: maji hupita, mchanga hubaki. Vyangu vimevunjika karibu vyote. Ndiyo maana vioo viliishia bwawani. Dukani wanasema vipya vitafika baada ya karamu.

Wilfrido akachungulia juu ya ukuta, akasema anavyo vya akiba, atanipa bure. Nikamwambia asante shemeji, sina shida yoyote. Nilikuwa nimeshika kidole kilichovunjika nyuma ya mgongo.

Nikaketi kivulini na terere yangu. Barafu, mnanaa, joto. Nikafyonza. Nikawaza. Nikautoa mrija kinywani, nikautazama. Mrija wa chuma. Mwisho wake umebapa, una matundu madogo: maji hupita, majani hubaki.

Nikasimama wima!

Taifa zima limekuwa likinyonya vidole vya chujio tangu enzi za mababu, na hakuna aliyetambua. Isipokuwa mimi. Mwalimu wa jiografia wa shule ya kawaida kabisa.

Nimekusanya mirija yote ya nyumba hii: yangu, ya Ninfa, ya wageni, ule uliopinda. Nimeifunga kwenye bomba la kati kwa gundi na waya. Likabaki tundu moja. Mama mkwe, Ña Digna, anayeishi nasi, alikuwa amelala usingizi wa mchana. Kabatini kwake kuna mrija wa fedha wenye ua la asumini. Ulifuliwa na mumewe, marehemu Cristóbal, fundi fedha, wiki waliyooana. Unene wake ulikuwa sawasawa na tundu.

Nimeuazima. Neno ni hilo: nimeuazima.

Jumanne, 13 Februari

Si mchanga wa Wilfrido, si vioo. Nimechagua lile jiwe la kijani la volkano. Nimelisafisha, nimelimimina polepole, tangi likiwa na maji nusu ili mirija isiumie. Nani alisema mimi sijifunzi? Bwawa limejaa. Nimewasha pampu, nikapiga saluti.

Upande wa pili, nyumba haina terere. Ninfa ameuliza mirija iko wapi. Nimesema nimepeleka ikang'arishwe kwa ajili ya karamu. Akasema njia ya mwongo fupi. Tunakunywa maji ya barafu kwa glasi, kama wagonjwa. Wilfrido alipita akifyonza wake kwa sauti, makusudi.

Ijumaa, 16 Februari

YAMENG'AA!

Maji? Hewa! Nimelifunga gazeti kwenye nailoni, nikalizamisha kwa jiwe, nikamwita Wilfrido asome. Akainama. Akasoma kichwa cha habari. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe. Akauliza nimeweka nini humo ndani. Nikamwambia mambo mengine hayaelezeki kwa watu wa mchanga.

Araceli akanikumbatia mbele ya wote. Karamu ni hapa! Ninfa alikubali, ila akanionya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Nikamwambia maji yenyewe ndiyo haya, ayaone.

Lakini Mama mkwe. Tangu Jumapili anautafuta mrija wake. Ameinua godoro. Ameingia banda la kuku. Leo amekaa barazani akalia kimyakimya, bila kujifuta. Ninfa akanieleza sababu. Mama alikusudia kumkabidhi Araceli mrija huo mezani siku ya karamu, awe nao wakati bibi mwenyewe atakapokuwa ameshamfuata Cristóbal. Sasa anasema mtu asiyeweza kutunza kitu cha mumewe hana haki ya kuketi mezani na watu. Hatakuja.

Nimekwenda kusimama kando ya bwawa. Sijawahi kujisikia vibaya hivi karibu na maji safi namna hii.

Jumapili, 18 Februari

Siku kuu. Naandika nikiwa na taulo.

Asubuhi, wengine wakijipamba kwa misa, nilizima pampu, nikatoa mawe yote kwa sufuria, nikauchomoa mrija wa fedha. Pale ulipokuwa nikaziba kwa kizibo cha chupa ya mvinyo. Kikakaa vizuri tu. Nikarudisha mawe kwa pupa, nikawasha pampu. Suti ililowa kidogo. Mrija nikautumbukiza mkobani mwa Mama mkwe, katikati ya leso.

Alikubali kwenda kanisani, karamuni hapana. Katikati ya mahubiri akafungua mkoba atafute rozari. Alipiga ukelele hadi padri akanyamaza. Mtakatifu Antonio! Mtakatifu Antonio ameurudisha! Watu wakapiga makofi. Nikapiga ishara ya msalaba, nikamwachia mtakatifu huyo wa vitu vilivyopotea sifa zangu zote. Inauma, lakini mimi ni mtu mkubwa.

Basi akaja mezani. Nyama choma, muhogo, mkate wa mahindi na jibini. Bwawa likiwaka kama kioo, wageni wakilisifu, Wilfrido akitafuna bila raha. Mama mkwe akasimama, akasema maneno ya Cristóbal hadi wajomba wakatoa leso, akampa Araceli pembe ya terere na mrija wa fedha. Araceli akafyonza. Uso wake ukakunjamana. Akasema kwa heshima kuwa terere hii ina ladha ya bwawa.

Bibi akaichukua, akafyonza kwa nguvu. Akatema kitu kiganjani. Kijiwe. Cha kijani.

Akakitazama kijiwe. Akalitazama bwawa. Akanitazama mimi.

Muziki ukaanza! Sijawahi kupenda muziki hivyo. Nikamshika binti yangu mkono, tukazunguka pembeni ya maji, yeye na gauni lake la buluu, mimi na suti yenye unyevu. Tulikuwa tumeanza kuelewana miguu niliposikia upande wa tangi sauti ya glup, kama mtu aliyemeza kitu kizima. Kizibo.

Bomba la kurudisha maji likakohoa. Likatapika. Wingu la kijani likatoka, likatanda, likalijaza bwawa kutoka ukuta hadi ukuta. Supu ya njegere. Ninfa akakimbilia swichi. Wilfrido alicheka hadi akashikilia kiti, kisha kiti nacho kikaanguka, na yeye juu yake.

Nikasimama. Nikamwambia Araceli anisamehe, kwa mjomba maji ni safi, bado tunaweza kwenda kupiga picha huko. Nilikuwa nasema kweli. Ningembeba mgongoni.

"Baba, cheza bwana, usisimame," akasema. "Ningetaka maji ningekwenda kwa mjomba tangu mwanzo. Mimi nilitaka dansi hapa, na wewe."

Akasema pia kwamba alijua tangu Jumatatu ile kuwa bwawa litaharibika kabla ya keki. Alishaweka dau na bibi. Bibi alisema baada ya keki.

Tukacheza hadi mwisho. Nililia. Iandikwe kuwa ni klorini.

Halafu vijana wakanitupa bwawani na suti yangu, na aliyewaonyesha mahali pa kunishika ni Mama mkwe.

Jumatatu, 19 Februari

Mirija yote inachemka kwenye sufuria na ndimu. Mama mkwe hasemi nami. Wa fedha analala nao Araceli, chini ya mto.

Asubuhi Wilfrido alikuja na vile vidole vyake vya akiba na magunia ya mchanga, akavifunga bila kuombwa, akapiga mluzi kazi yote. Ninfa alimkaangia mayai. Jioni hii maji yameanza kutakata. Kila mtu anasema, umeona, mchanga.

Nimewaacha waseme. Mimi nimekaa nikafikiri, jambo ambalo katika ukoo huu nimeachiwa peke yangu. Mrija wa fedha ulipokuwa ndani, maji yaling'aa. Ulipotoka, kabla ya jioni maji yaliharibika. Mtoto wa darasa la pili angeona! Haikuwa mawe, wala vioo, wala mchanga. Ilikuwa fedha.

Basi nilikuwa sahihi tangu mwanzo, ila kipimo kilikuwa kidogo.

Alhamisi Wilfrido na mkewe wanakwenda shamba. Wameniomba nimwagilie maua yao, wameniachia ufunguo. Sebuleni kwao kuna sinia la fedha, zawadi ya harusi. Kubwa, zito, halitumiki kamwe. Nimeshapima mdomo wa tangi. Nikilikunja mara moja tu, litapita.