Nilivyomlinda Baba Mkwe na Busu la Angani

Leo nimeaibika ukweni. Nalisema mwenyewe mapema, kabla halijafika sokoni Daraja Mbili likiwa limetiwa chumvi.

Mnanijua. Nauza suruali za mitumba. Sinunui kitu bila kukigeuza ndani nje. Nyanya nahesabu mara mbili. Hata pasta akisema "kwa kumalizia", mimi siinui Biblia mpaka nione yeye ameinua yake. Kushuku ndiyo shahada yangu, na sijawahi kuijutia. Mpaka leo.

Sasa sikilizeni. Baba Kemunto, mwalimu mstaafu wa huko Ikonge na baba wa mchumba wangu, hajawahi kunikataa. Pia hajawahi kunikubali. Tukimwuliza siku ya harusi anasema, "Tutaona." Tumeona mpaka macho yanauma.

Juzi Kemunto akanipigia simu.

"Baba anakuita Jumamosi."

"Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu. Anataka mtazame Watu wa Juu."

Watu wa Juu ndilo jina ambalo wazee wa huko waliupa ule mfululizo wa zamani wa runinga, ule wa chombo kinachotangatanga angani na abiria wasiojua watatua wapi. Runinga ya kwanza ilipoletwa kwenye ukumbi wa parokia, hadithi ilikuwa tayari iko katikati. Kwa hiyo Baba ameona katikati, ameona mwisho, lakini mwanzo hajawahi. "Nazeeka bila kujua watu hawa waliagaje kwao," alimwambia Kemunto. "Huyo mtu wako wa mjini hawezi kunitafutia sehemu za kwanza?"

Mtu wako! Hiyo si "tutaona". Nikajua harusi yangu itapita ndani ya flashi.

Jana nikaingia kwa Deno wa duka la muvi. Nikamwambia aniwekee kwenye flashi zile za kwanza kabisa, halafu tuzikague kabla sijatoka dukani. Akaweka. Picha nyeusi na nyeupe. Nahodha akafunga mlango, ukuta mzima wa chombo ukatikisika kama kioski. Jitu la sayari nyingine lilikuwa gunia lenye miguu, na chini ya gunia vilionekana viatu vya mtu (ngozi halisi, soli nzuri, ningeviuza siku hiyo hiyo). Halafu nikamtazama nahodha vizuri.

"Deno, hii ni feki. Nahodha ana masharubu, huyu hana."

"Buda, hii ni sehemu ya kwanza. Yatamea."

Nikamwachia hilo, maana kulikuwa na jambo kubwa zaidi. Ndani ya chombo kuna daktari, mwanamke, na alikuwa akimtazama nahodha kwa macho ya mteja anayekijua kitu, anakitaka, lakini anajifanya anapita tu. Macho hayo nayajua. Ndiyo yanayonilisha.

Marafiki zangu wa upande wa ziwa mtanivumilia nieleze. Sisi tuna kitu kinaitwa chinsoni, ile haya inayokaa kati ya mzazi na mtoto, na inayokaa kabisa kati ya mtu na wakwe zake. Usichoweza kukitaja mbele ya baba mkwe, usikitazame naye. Midomo miwili ikikaribiana kwenye runinga, sebule nzima inapata kazi. Huyu anakohoa, yule anatafuta simu iliyo mkononi mwake, mama anakumbuka sufuria. Sasa wazia mimi ndiye nimeleta hiyo midomo!

"Deno, hawa watabusiana?"

"Hawa? Hata kusalimiana wanaogopa."

"Peleka mbele nione."

Akapeleka mbio. Sehemu ya kwanza, safi. Ya pili, safi ya kushukiwa. Ya tatu, karibu na mwisho, nikaona kisogo cha nahodha kikiinama polepole kuelekea uso wa mwanamke. Muziki ukalegea. Nikasogea karibu.

Stima ikapotea.

"Deno!"

"Usiniangalie mimi, mtaa mzima umezima."

Tukangoja mpaka akafunga duka. Nikaondoka na flashi mfukoni na shaka kifuani.

Leo nikavaa suruali ya kijivu, bora kuliko zote kwenye mzigo, nilijiwekea mwenyewe. Zipu nilikagua mara mbili. Mifuko mara mbili. Kemunto alinipokea pale njia panda akanitazama kuanzia kiunoni kwenda chini.

"Inakubana."

"Hii ni adabu, Kemu. Suruali pana ni ya watu wenye siri."

Tukaingia. Mama alikuwa jikoni akipika chapati. Baba alikuwa kwenye kiti chake, miwani imefutwa, redio imezimwa, blanketi magotini kwa sababu ya mvua. Nikachomeka flashi kwenye runinga, iliyo juu ya kabati fupi, na kabla hajauliza nikashika rimoti.

"Niiendeshe mimi, Baba. Hizi za zamani zina visa."

Sehemu ya kwanza ikaenda vizuri. Gunia lilipotokea, Baba aliinua miguu kutoka sakafuni! Mwalimu mzima! Nikaona nijitie ujuzi.

"Umeona, Baba, nahodha hana masharubu."

"Hata mimi sikuzaliwa nayo."

Sehemu ya pili, daktari akamkuta nahodha kwenye ujia, peke yao. Akamshika kidevu. Akamgeuza uso. Mimi nikasimama.

"Baba! Ng'ombe amefunguka!"

Baba akachukua mwavuli akatoka. Nikamfuata, kwa heshima. Ng'ombe alikuwa amefungwa, anacheua, ananitazama kama mteja aliyeshanijua. Tuliporudi, ujia ulikuwa mtupu.

"Walikuwa wanasema nini pale?" Baba akauliza.

"Mambo ya injini."

(Kemunto aliyebaki ndani ameniambia baadaye: daktari alikuwa akimtoa uchafu jichoni. Sawa. Lakini vitu huanza hivyo.)

Ikaja sehemu ya tatu. Baba akasogeza kiti mbele. "Sasa," akasema, kwa sauti ya mtu anayejisemea, "sasa watarudi nyuma, watuonyeshe siku ya kuondoka." Mimi nikaishika rimoti kwa mikono miwili. Nikaona taa inafifia kwenye picha. Nikaona kisogo kile kile. Kikaanza kuinama. Muziki ukalegea.

Nikabonyeza rimoti. Haikusikia. Nikabonyeza tena, nikaipiga kwenye goti, nikabonyeza. (Betri! Nilikagua dunia nzima isipokuwa betri!)

Ikabaki njia moja. Niliruka. Nikachuchumaa mbele ya runinga, mikono nimeitandaza kama kuku aliyeona mwewe, mgongo kwa wakwe, pua kwenye kioo.

"Baba, usiangalie!"

Halafu ikasikika sauti moja ndefu: *trrraaaaa*.

Sauti hiyo haikutoka angani.

Upepo baridi wa Ikonge ukanifikia mahali ambapo haujawahi kunifikia. Mama akatokea mbio na chapati mkononi kuona ni nini kinapigiwa kelele. Akaona. "Yesu wangu!" Akarudi jikoni mbio kuliko alivyotoka. Na chini ya suruali, ndugu zangu, nilikuwa nimevaa bukta ya maua mekundu.

Mimi peke yangu, pua kwenye kioo, niliona kilichokuwa kinaendelea. Mwanamke yule hakuwa daktari. Alikuwa bibi kizee mwenye kitambaa kichwani. Nahodha alikuwa amempigia magoti, na bibi amemwekea mkono kwenye paji la uso.

"Mama, tunaondoka," nahodha akasema.

"Nenda. Popote utakapotua, kumbuka kula."

Hicho ndicho nilichokifunika. Hicho ndicho mzee alichokingoja tangu ujana wake, nami nimemwonyesha maua.

Nikageuka polepole, mgongo nikauegemeza kwenye kabati. Baba alikuwa ameshageukia ukutani, anaisoma kalenda.

"Kemunto!"

"Ee, Baba." (Kemunto alikuwa amezika uso kwenye mto.)

"Leta leso ya mama yako. Mfunike huyu."

Nikafunikwa. Baba bado yuko na kalenda.

"Kijana, ulikuwa unazuia nini?"

"Baba, nilifikiri... nahodha na daktari... nilikuwa nalinda chinsoni, Baba."

Mvua tu kwenye mabati. Nikaanza kupanga maneno ya kumwambia mama yangu kwamba harusi haipo. Halafu nikaona mabega ya mzee yanatikisika. Kwanza kidogo. Halafu kama ule ukuta wa chombo.

"Ulilinda chinsoni," akasema akijifuta macho, "kwa bukta hiyo?"

Jikoni Mama akapiga ukelele wa kicheko, na kitu cha chuma kikaanguka.

Kemunto akatoa betri kwenye saa ya ukutani, tukarudisha nyuma. Nilikaa nimejifunga leso kiunoni kama mama mzazi aliyekuja kliniki. Nahodha akapiga magoti, bibi akaweka mkono. Baba akaomba tena. Halafu tena. Akavua miwani.

"Kumbe alimuaga mama yake kwanza," akasema. Kisha akanigeukia, macho yakiwa juu ya shingo yangu tu, kwa tahadhari. "Na mama yako, anajua leo uko hapa?"

"Hajui, Baba. Niliogopa kumpa matumaini."

"Mlete. Aje na wazee wenu, tupange siku ya harusi. Mtoto wangu haondoki hapa kwa 'tutaona'."

Kemunto akaacha kucheka. Mimi nikataka kusimama nimshukuru mzee, nikakumbuka hali yangu, nikashukuru nikiwa nimekaa.

"Na wewe," Baba akaongeza, "uje na suruali inayojua kuchuchumaa."

Sasa niko nyumbani. Leso ya mama mkwe iko kwenye kamba. Suruali iko mezani, nimeigeuza ndani nje, na uzi wa katikati ya miguu, wallahi, hata mimi nisingemuuzia adui. Kwa hiyo nawaomba: anayetaka kucheka ageukie ukutani kwanza, kama Baba alivyofanya. Ila yule nahodha na yule daktari bado siwaamini. Mzee ameagiza sehemu zote zilizobaki.