Choki ya Kobe na Harusi ya Beatha

Jumapili, 30 Juni 2024

Nimeshinda! Au karibu. Kamati ya harusi ya binti yangu Beatha imekaa leo sebuleni kwangu, hapa Same. Ajenda kubwa: gari la bibi harusi. Nikasimama nikatangaza kwamba Beatha atakwenda kanisani kwa Kobe wangu, gari la mwaka 1972, injini nyuma, buti mbele, lile lile lililompeleka mama yake. Dereva mimi. Shemeji Elibariki akacheka mpaka soda ikamtoka puani. Huyu ni kaka wa mke wangu, ana Noah nyeupe, na ndiye mkuu wa usafiri kwenye kamati. Ajabu kweli! Mkuu wa usafiri kachagua gari la mkuu wa usafiri.

Akawakumbusha wajumbe kwamba Pasaka, kule nyumbani Chome, Kobe aligoma kuwaka kwa baridi, na waumini wakapita wakinipa pole. Kweli. Asilolijua ni kwamba nimeshanunua kabureta nyingine, yenye choki ya umeme, kile kifuniko cha kuibania injini hewa wakati wa baridi! Unaunga waya mmoja tu. Asubuhi choki iko imefungwa, injini inawaka, umeme unaipasha choki moto, inajifungua yenyewe. Niliwaeleza kwa nusu saa. Ernesta wa mapambo alisinzia. Uamuzi: Jumamosi, siku yenyewe ya harusi, saa moja asubuhi, Chome, mbele ya Elibariki, Kobe awake mwenyewe. Asipowaka, Beatha anapanda Noah.

Nimekubali kwa kishindo. Beatha ni mtoto wangu wa kwanza. Kila jambo la nyumba hii Elibariki hulishika yeye. Hili nalitaka mimi.

Jumatatu, 1 Julai

Kabureta imefungwa. Shamimu, fundi umeme wa magari karibu na stendi, alipita akaniamkia, akachungulia. Akasema waya wa choki uungwe kwenye koili, maana pale umeme unafika swichi ikifunguliwa tu. Shubiri mbili kutoka kwenye kabureta. Kazi ya dakika mbili. Nikamshukuru, nikamwambia nitafanya mwenyewe. Miaka ishirini na sita nimekuwa karani wa mizani kwenye shamba la mkonge, na mizani ile ilikuwa ya umeme.

Koili! Koili ndiyo inayolisha plagi. Ukiiongezea mdomo mwingine, plagi zitakula nini? Umeme unatoka kwenye betri. Nimeunga kwenye betri. Mtu mwenye akili huenda kwenye chanzo.

Jumanne, 2 Julai

Betri imekufa. Choki imeinyonya tangu jana jioni, gari likiwa limezimwa. Elibariki alipita na Noah yake wakati mke wangu Priska na majirani wawili wanamsukuma Kobe. Akapunga mkono. Hakusimama.

Shamimu amechaji betri, akarudia taratibu, neno kwa neno, kwamba waya usipate umeme mpaka swichi ifunguliwe. Akataja koili tena. Nina wasiwasi huyu mama anauza koili.

Alhamisi, 4 Julai

Nimeupata! Nilijilaza chini ya dashibodi na taa ya kupimia tangu asubuhi. Kuna waya nyuma ya usukani: ukifungua swichi, taa inawaka. Hafifu kidogo, lakini inawaka. Ukifunga, inazima. Shamimu alitaka nini zaidi ya hapo? Unakokwenda sikujua, na sikuona haja ya kujua. Nimeunga waya mpya wa mita nne, nimeupitisha chini ya mikeka hadi kwenye injini nyuma. Ncha ya mwisho nimeiacha bila kuchomeka. Kwa joto hili la Same, choki inafunguka hata bila umeme. Nitaichomeka Chome, kwenye baridi, Elibariki aone kwa macho yake.

Priska ameuliza kwa nini mita nne wakati Shamimu alisema shubiri mbili. Nikamwambia kazi ya maana haiwi fupi.

Ijumaa, 5 Julai

Tumefika Chome. Kobe kapanda milima yote bila kulalamika, mawe na makorongo, mimi naimba tenzi. Huku ukungu mtupu. Elibariki alitangulia. Kaipaki Noah kwa jirani, mita hamsini juu yetu kando ya barabara, imeoshwa, na tayari imefungwa riboni! Riboni, kabla ya jaribio!

Beatha aliniuliza pembeni kama Shamimu ameiona kazi. Nikasema ameiona. Jumatatu aliiona.

Jumamosi, 6 Julai

Naandika haya jioni.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilichomeka ncha. Baridi ya kung'ata. Nikafungua swichi. Kobe akalia! Siyo injini, honi. Na siyo honi yake ya kawaida, bali mlio mzito wa kukoroma: mbuuuuu. Nikafunga. Kimya. Nikafungua tena. Mbuuuuu. Mara ya tatu nikang'ang'ania swichi, nikiomba injini iwake kabla majirani hawajaamka. Mbuuuuuuuuuu!

Mara tatu. Huku kwetu pembe ikilia mara tatu alfajiri ni msaragambo: kila nyumba itoe mtu na jembe, kuna kazi ya kijiji. Haikupita robo saa, watu arobaini wako barabarani na majembe, machepe na sululu. Mwenyekiti wa kijiji akaja mbio huku akifunga mkanda, anauliza nani kapiga pembe. Mimi nilikuwa chini ya gari. Mwenyekiti akafikiri, akasema watu wakishafika na majembe hawarudishwi, na ule mtaro wa kukatiza barabara umesubiri tangu masika. Wakaanza kuchimba.

Saa moja Elibariki akafika na kamati, ufunguo wa Noah unacheza kidoleni. Kwa hofu nilikuwa nimeung'oa waya, kwa hiyo choki ilibaki imefungwa. Kobe akakohoa, akatoa moshi mweusi, akalowa petroli, akazima. Mara nne. Elibariki akanishika bega, akaniambia pole shemeji, kwa upole wa kweli kabisa. Huo upole ndio ulioniumiza. Nilikwenda nyuma ya jiko nikalia.

Saa tatu na nusu nikasikia kelele. Elibariki kaifuata Noah, na Noah haitoki! Mtaro umekata barabara nzima, kina cha magoti. Noah iko upande wa juu wa mtaro. Bibi harusi na kanisa viko chini. Akawaomba wafukie kidogo tu apite. Wakamwambia kazi ya msaragambo haifukiwi na mtu mmoja mwenye haraka.

Beatha akatoka ndani na shela lake. Akautazama mtaro, akamtazama mjomba wake, kisha akanitazama mimi na macho yangu mekundu. Akasema baba ashike usukani, yeye anapanda Kobe, na wenye majembe wayaweke chini wasukume. Gauni likajaa kiti chote cha nyuma. Wakasukuma watu arobaini, wakiimba, mpaka mlangoni pa kanisa. Elibariki naye alisukuma, viatu vyake vipya vimejaa udongo. Kwenye kioo nilimwona Beatha anacheka na kulia kwa pamoja. Sijawahi kufurahi hivi tangu nizaliwe.

Jumatatu, 8 Julai

Same. Shamimu amefunua dashibodi, akakaa chini, akacheka mpaka akafuta machozi kwa mtandio. Ule waya ni wa honi. Umeme ulikuwa unapitia kwenye honi kwanza, ndiyo maana ikakoroma, na choki ikaambulia makombo. Akachukua waya mfupi, akaunga choki kwenye koili. Dakika mbili. Kobe amewaka mara moja, kimya, anatulia mwenyewe. Hata Elibariki kasema hongera. Beatha amepiga simu: mama mkwe wake anasimulia kila mtu kwamba mkwe wao aliletwa kanisani na kijiji kizima. Nimeomba arudie mara mbili.

Jioni hii nimefungua injini nikautazama ule waya kwa muda mrefu. Shubiri mbili! Na mdogo wake Beatha, Asteria, anaolewa Desemba, huko huko Chome. Nimpeleke mtoto wangu kanisani kwa waya uliofungwa na mtu mwingine? Nimeuchomoa. Kesho nanunua mita sita.