Kwa Matumizi ya Nje Tu

Jumatatu, 3 Machi
Sijatulia tangu asubuhi. Mama mkwe katangaza: chumba cha mbele cha nyumba yake, kile kinachotazama barabara, kitakuwa duka. Atampa atakayemfaa zaidi. Tuko wawili. Mimi, fundi makochi niliyechoka kumeza vumbi la sponji. Na shemeji, kaka wa mke wangu, mfamasia, anayetamba na lile koti lake jeupe.

Bahati iliyoje! Mama mkwe kashikwa na mafua. Nami nina chupa za mafuta ya mimea, yale makali ya matone: mkaratusi, mnanaa, mchaichai. Duka la tiba asili hilo, naliona!

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma chupa ya mkaratusi kitaalamu kabisa. "Kwa matumizi ya nje tu." Sawa. Nikamtoa mama mkwe nje, uani, na kiti chake na blanketi. Akauliza kwa nini asipakwe sebuleni kama watu wengine. Nikamwambia masharti ni masharti, mama. Upepo mkali. Kapiga chafya mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Mke wangu ati namtafutia mama yake nimonia. Ukoo mzima una wivu.

Jumatano, 5 Machi
Manyunyu. Mkono mmoja mwavuli, mwingine mnanaa. Mwavuli ukapinduka, mnanaa ukamwingia mama mkwe machoni. Mayowe! Majirani wote madirishani. Shemeji akaja mbio, akamwosha macho, akamrudisha ndani, ndipo akasoma chupa. Kacheka mpaka akakaa sakafuni. Ati "nje" ni nje ya mwili, maana yake usinywe! Na kwanza uyazimue kwa mafuta ya kawaida. Sasa si wangeandika hivyo?

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe ana homa. Kasema, sauti imemkauka, kwamba chumba ni cha shemeji. Imeniuma, tena sana. Nimezunguka meza mpaka mke wangu akasema namtia kizunguzungu, niende nikaombe radhi yaishe. Nikaenda, nikapiga magoti. Mama mkwe akalainika. Atakata shauri Jumamosi. Bado nimo!

Ijumaa, 7 Machi
Sirudii kosa. Leo nimesoma kila neno kwenye chupa ya mchaichai. Chini kabisa, herufi ndogo kama sisimizi: "Weka mbali na watoto."

Kumbe! Mama mkwe ana watoto wawili tu: mke wangu na shemeji. Na wiki nzima wamemganda! Dawa ingefanyaje kazi?

Mke wangu nimemtuma sokoni. Mlango nimeutia komeo. Shemeji anagonga kwa ngumi, anauliza mama yake yuko wapi. Nimemweleza kwa upole, kupitia tundu la ufunguo, kwamba asinichukie, ila yeye ni mtoto. Mama mkwe anauliza kuna nini huko. Nimemwambia atulie, safari hii tuko ndani. Nafungua chupa.