Ufito wa Mama Epifania

Jumatatu, 1 Julai 1974. Kibondo.
Kwaya ya kijiji imealikwa Kasulu kwa Saba Saba. Lori moja, waimbaji tele. Mwalimu Sylvesta kamkabidhi mama mkwe wake, Mama Epifania, kazi ya kuchuja. Kila mtu anapita mbele yake, anaimba ubeti, mama anasema abaki kwayani au aende zake nyumbani. Anaangalia sauti tu. Maximilla atabaki. Mimi pia. Tatizo ni Leonidasi. Anaimba vizuri kupita kiasi, na humchekesha Maximilla mazoezini. Ila ni mrefu kama mlingoti. Nimepata wazo.

Jumanne, 2 Julai.
Nimemwambia Mwalimu kwamba mimi, fundi cherehani, najua macho ya watu: mstari usiolingana utatuaibisha. Warefu waachwe. Kakubali, ila kauliza mama atajuaje nani kazidi. Nikasema kipimo nitampa mkononi. Nimekata ufito sawasawa na kimo changu, nikiwa peku. Mama kaupokea, kauliza kama kuna jingine la kuzingatia. Nikasema hakuna.

Alhamisi, 4 Julai.
Siku ya mchujo. Nilivaa suruali ya bugaluu niliyojishonea na raizoni mpya, soli nene kama tofali, Maximilla anione. Niliimba vizuri. Mama akasimamisha ufito kando yangu. Kichwa kikazidi. Akasema niende zangu nyumbani. Nikaomba nivue viatu.

"Mwanangu Gharibu, nilipewa sauti na ufito. Habari ya viatu sikupewa."

Nikamkumbusha kwamba ufito niliukata mimi. Akasema nimeukata vizuri, umenyooka.

Leonidasi naye alizidi, kichwa na shingo. Nikafarijika kidogo. Kisha Mwalimu akasema kwa urefu ule hafai mstarini, basi asimame mbele aongoze, Kasulu nzima imwone.

Jumatatu, 8 Julai.
Lori limerudi. Wanasema walishangiliwa, hasa kiongozi. Maximilla kashuka na koti la Leonidasi mabegani. Eti baridi ya njiani. Dada yangu Pelagia kanishauri niache kupenyeza masharti yangu katika kazi za watu. Namheshimu sana Pelagia.

Hata hivyo kesho wanachagua timu ya mpira, na Leonidasi ni kipa. Nimeshamnong'oneza mchaguaji asichukue mwenye ndevu, wageni watadhani tumechezesha wazee. Leonidasi ana ndevu tele. Mimi sina. Sijanyoa tangu Alhamisi, kwa huzuni tu, lakini hizo si ndevu.